Aliyeinamisha Macho: Adabu na Dharau Katika Historia ya Mwambao Wetu



Katika miaka yote tuliyowatayarisha vijana kwa kazi ya ualimu hapa Uvira, hakuna shtaka tulilolisikia mara nyingi kuliko hili: «Huyu hana adabu.» Mwalimu hulisema juu ya mwanafunzi, mama mkwe juu ya mke wa mwanawe, mwenyeji juu ya mgeni, na watu wa kabila moja juu ya kabila zima la jirani. Ni shtaka jepesi kulitamka na gumu kulifuta. Nasi tuliwahi kulitamka pasipo haki, na ndiyo sababu tumeona vema tulitafakari pamoja nanyi.

Ilikuwa katika miaka ya mwanzo ya kazi yetu, kabla ya vita vya 1996. Mkufunzi mmoja mgeni alikuwa ametufundisha kwamba mtoto asiyemtazama mwalimu machoni anaficha uongo. Siku moja kitabu cha darasa kikapotea. Tukamwita mvulana aliyekitumia mwisho, tukamwuliza. Alijibu kwa sauti ndogo, macho yakiwa chini. Tukamwambia atutazame, akazidi kuinama. Tukaona kwamba mkufunzi alisema kweli, tukamwamuru apige magoti nje hadi kengele ya mwisho.

Kesho yake baba yake alishuka kutoka milimani. Alitupa mikono miwili, akatuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mzee wetu aliyekuwa mgonjwa, na za mvua. Alipokwisha kupata majibu yote, ndipo aliposema: «Mwalimu, mtoto huyu nimemfundisha mimi mwenyewe asimkazie macho mtu mkubwa. Kama hilo ni kosa, anayestahili kupigishwa magoti ni mimi.» Kisha akaaga. Kitabu tulikiona baadaye, kimeangukia nyuma ya kabati letu wenyewe.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: ukosefu wa adabu ni nini hasa? Je, ni kitendo chenyewe, au ni macho ya anayekitazama? Mwambao huu wa kaskazini wa Tanganyika, ambako Wavira, Wafuliru, Wabembe, Warundi, Wanyamulenge na wengine wengi wamekutana, na ambako wageni wa mbali walifika mapema, una mengi ya kutufundisha.

Maneno tuliyorithi

Tuanze na maneno yenyewe, kwa maana nayo yana historia. «Adabu» na «heshima» yametoka katika Kiarabu. «Ustaarabu» maana yake ya asili ni kufuata mwenendo wa Waarabu. Na «uungwana», neno tunalolitumia kumsifu mtu mpole na mwenye utu, asili yake ni hali ya kuwa mtu huru, asiye mtumwa. Waungwana, au Wangwana kama walivyoitwa bara, ndio waliofuatana na misafara ya biashara kutoka pwani hadi Ujiji, wakavuka ziwa, wakaingia Manyema. Kiswahili walichokieneza huku kwetu kiliitwa Kingwana kwa muda mrefu, hata katika vitabu vya Wabelgiji.

Watu hao walikuja na salamu nzuri, na kanzu safi, na desturi ya kunawa mikono kabla ya kula. Sisi tuliokuwa bara walituita «washenzi», yaani watu wasio na adabu. Lakini misafara hiyohiyo iliyobeba neno «uungwana» ilibeba pia minyororo. Tarehe 15 Julai 1871, huko Nyangwe katika nchi ya Manyema, David Livingstone alishuhudia watu wa misafara wakiwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuwa sokoni; wengi walikufa kwa bunduki na wengine wengi wakazama mtoni. Baadaye Rumaliza, aliyekuwa na makao yake Ujiji, aliufanya mwambao wa kaskazini wa ziwa kuwa mahali pa kukusanya pembe za ndovu na watumwa.

Tunalitaja jambo hili si kwa kumlaumu mtu wa dini au wa taifa fulani, kwani tutaona kwamba waliokuja baadaye hawakuwa bora. Tunalitaja kwa sababu linatupa onyo la kwanza: mtu aweza kuwa na adabu zote za mezani na za mlangoni, na huku anamkosea jirani yake heshima iliyo kubwa kuliko zote, ile ya kumhesabu kuwa ni mtu. Wazee wa Kiswahili walilijua hilo waliposema kwamba uungwana ni vitendo.

Wageni wa mwaka 1858

Katika mwezi wa Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji wakiwa wagonjwa. Walitafuta habari za mto mmoja tu: Ruzizi. Walitaka kujua kama unatoka ziwani au unaingia. Mwezi wa Aprili wakapanda mitumbwi pamoja na Kannena, mkuu wa Kawele karibu na Ujiji, wakaelekea kaskazini. Tarehe 26 Aprili walitia nanga hapa Uvira.

Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860, Burton anamlaumu Kannena kurasa nyingi. Anamwona mlafi na jeuri, kwa sababu alidai nguo, shanga na bangili nyingi kabla ya kuondoka. Wapiga kasia nao anawalaumu kwa kelele zao, na kwa kusimama walipotaka wao, si alipotaka yeye. Msomaji wa Ulaya alifunga kitabu hicho akiamini kwamba watu wa Tanganyika hawakuwa na adabu.

Sasa tukigeuze kisa hicho, tukitazame kutoka ufukoni. Katika nchi hizi msafiri aliyepita katika ardhi ya mkuu alimpelekea zawadi, iliyoitwa hongo. Siku hizi neno hilo limechafuka, nasi tunaita hongo rushwa. Bali zamani lilikuwa na sura mbili. Lilikuwa ushuru, na wakuu wengine walilizidisha kwa tamaa. Lakini lilikuwa pia namna ya kusema: «Najua kwamba nchi hii ina mwenyewe.» Mkuu aliyepokea alikuwa na wajibu wa kumpa mgeni chakula na ulinzi. Kupita kimya, bila kumwona mwenye nchi, ndiko kulikokuwa utovu wa adabu. Hatusemi kwamba Kannena alikuwa mtakatifu. Yawezekana tamaa ilikuwepo. Tunasema tu kwamba Burton aliona bei mahali ambapo palikuwa pia na salamu.

Na Wavira je, walimpokeaje? Wana watatu wa Maruta, mkuu wa Uvira, walikuja kumwona mgeni. Walimwambia bila kuficha kwamba Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Jibu hilo lilimvunja moyo, maana alitumaini kwamba mto huo ungekuwa chanzo cha Nili. Hapo ndipo ilipojulikana pia kwamba habari za kinyume alizokuwa amezipata Speke safari iliyotangulia zilitokana na kueleweka kinyume kwa maneno ya mfanyabiashara mmoja Mwarabu. Ikiwa mto mzima uliweza kugeuzwa mwelekeo wake kwa neno moja lililoeleweka vibaya, tusistaajabu kwamba na mioyo ya watu hugeuzwa vivyo hivyo.

Kofia na mfuko wa barua

Miaka 13 baadaye, mwaka 1871, mwandishi Henry Morton Stanley alikuja kumtafuta Livingstone. Safari yake ina mambo mawili yanayotuhusu.

La kwanza ni hili. Alipokuwa katika nchi ya Waha, Stanley alichoka kulipa hongo kwa kila mkuu. Akamkodi kiongozi, akaipitisha misafara yake porini usiku, kimya, ili asionekane. Siku chache tu baada ya hapo, alipokaribia Ujiji, aliwaamuru watu wake wakunjue bendera na kupiga bunduki nyingi hewani. Mtu asiyejua desturi angedhani kwamba vita vimekuja. Kumbe huo ndio uliokuwa ustaarabu wa misafara: mgeni hupiga hodi kwa baruti, ili wenyeji wajue kwamba hakuja kwa siri. Basi mtu huyohuyo, katika juma moja, aliwanyima Waha hodi na kuwapa watu wa Ujiji hodi kubwa. Kuna jambo la kukumbuka hapa: mara nyingi tunayemnyima adabu si kwamba hatuijui adabu inayompasa, ila tumeona kwamba hana uwezo wa kutuadhibu, au kwamba adabu yake inatugharimu mno.

La pili ni lile la kofia. Stanley mwenyewe ameandika kwamba alipomwona Livingstone, moyo wake ulitaka kumkimbilia na kumkumbatia. Lakini umati wa watu ulikuwa unatazama, naye hakujua kama yule mzee Mwingereza angelipenda kukumbatiwa. Basi akatembea polepole, akavua kofia, akamwuliza kwa ile sentensi fupi iliyokuja kujulikana duniani kote kama yeye ndiye Daktari Livingstone. Walimwengu wameicheka sentensi hiyo kwa miaka zaidi ya 150, kwa kuwa hapakuwa na Mzungu mwingine pale. Sisi hatuicheki. Tunamwona mtu aliyekuwa njia panda ya adabu tatu, ya Waingereza, ya Waarabu wa Ujiji na ya moyo wake, akachagua ile iliyoonekana salama zaidi. Ni nani kati yetu hajawahi kusimama hapo, mbele ya wakwe au ya mkubwa wa nchi nyingine?

Stanley anasimulia pia kwamba alimletea mzee mfuko wa barua zilizokuwa zimengoja muda mrefu. Livingstone aliuweka magotini, akasoma moja au mbili, akaacha. Alipohimizwa asome zote, alijibu kwamba kwa kuwa amengoja miaka, aweza kungoja saa chache zaidi. Akaomba kwanza ahadithiwe habari za ulimwengu. Mtu huyo alikuwa ameishi Afrika karibu miaka 30. Alikwisha jifunza kwamba mgeni hatangulizi shughuli yake, wala mwenyeji hatangulizi haja yake. Habari huja kwanza. Yule baba aliyeshuka kutoka milimani alitufanyia vivyo hivyo. Alikuwa na uchungu wa mwanawe moyoni, lakini aliuliza kwanza habari za mgonjwa wetu.

Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi pamoja mwezi huohuo wa Novemba, wakaja hadi huku kaskazini, wakathibitisha kwa macho yao kile ambacho wana wa Maruta walikuwa wamekisema: Ruzizi unaingia ziwani.

Joho jeupe

Mapadri Weupe, walioanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868, walifika Ujiji mwaka 1879. Lavigerie aliwapa agizo lililokuwa geni kwa nyakati zile: wavae kama wenyeji, wale chakula chao, na waseme lugha yao. Ndiyo maana walivaa kanzu na joho jeupe la Waarabu wa Algeria, na ndilo lililowapa jina. Tunaliona agizo hilo kuwa shule ya adabu: si wenyeji watakaonifuata mimi kwanza, ni mimi nitakayewafuata wao.

Hata hivyo, joho halikutosha. Kwanza, vazi la Algeria halikuwa vazi la watu wa Rumonge wala wa Ubwari. Huku lilifanana na la wafanyabiashara wa pwani, ambao watu waliwaogopa. Pili, ndani ya joho bado mlikuwa na mtu na desturi zake. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge, ng'ambo ya ziwa, mapadri wawili na mlei mmoja aliyewasaidia waliuawa katika ugomvi uliotokana na mtoto aliyekuwa amekaa kwao. Kwa wamisionari, yule mtoto alikuwa amekombolewa, naye alikuwa chini ya ulinzi wao. Kwa wenyeji, mtoto ni wa ukoo, na asiyemrudisha ameunyang'anya ukoo. Kila upande uliona kwamba umekosewa katika jambo takatifu. Damu iliyomwagika ilikuwa ya watu waliokuja kwa upendo. Tunawaombea, na tunajifunza kwamba upendo nao unahitaji kuuliza kabla ya kutenda.

«Tu» na «vous»

Kufika hapa tumesema juu ya kutoelewana. Lakini kuna jambo jingine lililokuja na utawala wa Wabelgiji, ambalo si kutoelewana hata kidogo.

Kifaransa kina maneno mawili ya kumwita mtu unayesema naye. «Tu» ni kwa rafiki, mtoto, na mnyama wa nyumbani. «Vous» ni kwa mtu unayemheshimu au usiyemzoea. Katika siku zile hata katika sala ya Baba Yetu Wafaransa na Wabelgiji walimwambia Mungu «vous». Ni mwaka 1966 tu ndipo tafsiri mpya ilipoanza kutumia «tu». Kiswahili hakina ugumu huo: mtoto, mama, mfalme na Mungu mwenyewe tunawaambia «wewe», na heshima tunaiweka mahali pengine, katika kuita «baba», «mama», «mzee», katika sauti na katika mikono miwili. Jirani zetu wa Kirundi wao wanayo: mtoto au mwenzako unamwambia «waramutse», na mkubwa unamwamkia kwa wingi, «mwaramutse».

Basi mkoloni aliyemwambia mzee wa miaka 70 «tu» hakukosea sarufi. Alijua alichokifanya. Mzee yuleyule angejaribu kumrudishia hiyo «tu», angelipata kofi au jela. Vivyo hivyo kwa wale walioitwa «évolués»: kuanzia mwaka 1948 palikuwa na kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikaanzishwa ile ya kuandikishwa, ambayo Patrice Lumumba aliipata mwaka 1954. Ili kuipata, wakaguzi waliingia nyumbani kwa mtu kutazama kama familia inakula mezani kwa uma, na kama choo ni safi. Mgeni aliyeingia jikoni kwa mama wa watu bila kukaribishwa ndiye aliyekuja kupima adabu ya mwenye nyumba.

Tarehe 30 Juni 1960, mjini Leopoldville, Mfalme Baudouin alisoma hotuba ya kumsifu Leopold wa Pili, akiita kazi yake kuwa kubwa. Rais Kasa-Vubu alijibu kwa upole. Ndipo Lumumba, waziri mkuu, ambaye hakuwekwa katika orodha ya wasemaji, aliposimama. Katika mateso aliyoyahesabu, pamoja na mapigo na kunyang'anywa ardhi, aliitaja ile «tu» ambayo Mwafrika aliitwa si kwa urafiki, bali kwa kuwa «vous» ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mfalme alikasirika, ratiba ya siku ikavurugika, na Ulaya wengi wakasema kwamba Lumumba hana adabu, amemtukana mgeni mbele ya watu.

Ni nani aliyekosa adabu siku ile? Tukubali kwamba hata kwa desturi zetu mgeni hasemwi siku ya karamu, na Lumumba mwenyewe alilainisha maneno yake katika chakula cha mchana. Lakini desturi zetu zinasema pia kwamba anayeingia nyumba ya msiba hamsifu aliyeleta kifo. Kumsifu Leopold mbele ya wajukuu wa watu waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira kulikuwa nini, kama si kukosa adabu kwa sauti ya upole? Mmoja alivunja utaratibu wa sherehe. Mwingine aliutimiza utaratibu wote na akayakanyaga makaburi.

Maswali mawili

Kutokana na historia hii tumejiwekea maswali mawili, na tunawapa walimu wanaojiandaa wajiulize kabla ya kusema «hana adabu».

La kwanza: kwao mtu huyu, anayetaka kuonyesha heshima hufanya nini? Swali hili huponya ugomvi mwingi wa mwambao wetu. Ndugu zetu waliorudi kutoka kambi za Nyarugusu na Lugufu huko Kigoma walikuja na watoto wanaosema «shikamoo» na «naomba». Watoto hao walishtuka kusikia sokoni Uvira mtu akisema «leta», wakadhani wanagombezwa. Na wenyeji nao waliwaona kuwa wanajidai Watanzania. Kumbe «leta» ya hapa si amri, ni mazoea. Na «naomba» ya kule si majivuno, ni malezi. Vivyo hivyo mezani. Hapa ziwani, kumwekea mgeni mukeke au ndagala ni kumpa tulicho nacho bora, na anayekataa ametuumiza. Lakini wafugaji wengi wa nchi za maziwa makuu, kwa desturi ya zamani, hawakula samaki, na mtu mzima aliona haya kutafuna mbele ya watu asiowazoea. Tuliwahi kuona katika semina moja binti mwalimu, mtoto wa wafugaji, akikaa kando na kikombe cha chai wakati wenzake wakila sahani moja. Wenzake walinong'ona kwamba anawadharau. Naye alituambia baadaye kwamba aliona aibu jinsi walivyomvuta mkono wakimlazimisha kula. Pande zote mbili zilikuwa zinajitahidi kuwa na adabu, na pande zote mbili ziliumia.

Swali la pili: hili analonitendea, angekubali nimtendee yeye? Hapo ndipo kutoelewana kunapotengana na dharau. Kannena aliomba zawadi kwa kila msafiri, na wakuu wenzake walifanya hivyo. Hiyo ni desturi, hata kama ilizidi. Bali «tu» ya mkoloni haikurudishwa. Wakaguzi wa uma na sahani hawakufungua jikoni zao wakaguliwe. Adabu ni njia ya kwenda na kurudi. Inayokwenda upande mmoja tu ni utumwa uliovikwa nguo safi.

Na ole wetu tukidhani kwamba dharau ilikwenda zake na Wabelgiji. Yapo majina ambayo makabila ya hapa yanaitana nyuma ya mlango, ambayo hakuna angekubali kuitwa mbele ya wanawe. Hayo hatuwezi kuyaita tofauti za utamaduni. Kila anayeyatamka anajua anachokifanya.

Bwana wetu Yezu Kristu alipitia jambo hili mezani kwa Simoni Mfarisayo, katika sura ya 7 ya Luka. Simoni alimtazama yule mwanamke aliyeingia bila mwaliko, akafungua nywele zake mbele ya wanaume, akaishika miguu ya mgeni, naye akahukumu kimoyomoyo. Kwa desturi za nyumba ile, hukumu yake ilikuwa na msingi. Yezu hakumwambia kwamba desturi ni bure. Alizihesabu desturi zenyewe, moja moja: maji ya miguu, busu la salamu, mafuta ya kichwa. Akaonyesha kwamba mwenye nyumba hakumpa hata moja, na yule aliyeitwa asiye na adabu alimpa zote. Naye Paulo, anapoandika juu ya upendo kwa Wakorinto, anataja pia kwamba upendo haukosi adabu. Hakusema adabu ya Wayahudi wala ya Wagiriki, ingawa waamini wa Korinto walikuwa na zote mbili.

Tumerudi kwa yule mvulana. Swali la kwanza lingetuambia kwamba kwao kuinamisha macho ni heshima. Lakini hata bila kujua mila za milimani, swali la pili lingetosha. Maana sisi wenyewe, tunapopiga magoti mbele ya askofu kupokea baraka, hatumkazii macho. Tungeshangaa sana kama angetuambia kwamba tunaficha uongo. Tulimwadhibu mtoto kwa jambo tulilolifanya sisi kila kipaimara.

Yule baba tulimjibu siku ile kwa maneno ya kuzunguka. Kitabu kilipoonekana, tulijiambia kwamba tutapanda milimani kumwomba radhi wakati wa likizo. Likizo ikaja na shughuli zake. Kisha vikaja vita, na watu wa mlima ule wakatawanyika. Tumeuliza habari zao kwa wengi na hatujapata jibu. Basi kila mwaka, siku ya kwanza ya mafunzo, kabla ya kufungua daftari, tunawasimulia walimu wapya kisa hiki. Ni salamu ambayo hatukuifikisha, nasi tunaipeleka kwa watoto wengine.